Joto la Namba Saba

Al Thumama, Doha
18 Mei 2025

Mpwa wangu Zuleikha,

Asalaam aleikum. Zipokee upesi salamu hizi kabla hazijayeyuka, maana huku hata salamu hutoka jasho. Mimi mjomba wako nimenenepa, nimeng'ara, na ukiniona na sare yangu ya ulinzi pale West Bay utadhani lile jengo la ghorofa arobaini ni langu na wenye ofisi wote ni wapangaji wangu. Msalimie mama yako, dada yangu Hidaya. Mwambie ule mguu asiusikilize sana. Mguu ni kama mtoto, ukiubembeleza unadeka. Na mwambie nimekiota kisamvu chake, nikaamka natafuna mto.

Sasa mzigo wako. Rehema wa hoteli ya Al Sadd amerudi toka likizo huko na begi zima: fulana tano, kipimajoto, na fomu. Uwanja wa ndege walimuuliza vile vifuko vya nta vilivyoshonwa ndani ya fulana ni vya nini. Akawaambia ni mishumaa ya harusi. Wakampongeza!

Kazi nimeielewa yote, usidhani mjomba wa darasa la saba hajui utafiti. Walinzi kumi wanaosimama nje. Watano wavae fulana yako ya kupoza mwili, watano wasivae. Kila mmoja apimwe joto kabla ya zamu na baada ya zamu, niandike, nikuletee. Miaka kumi na moja nimewaangalia wahandisi wa mataifa yote wakiingia lifti ile, nitashindwa na hilo? Wote kumi wamesaini ndani ya dakika tano. Niliwaambia, "Sainini hapa, mpwa wangu anawaletea kipupwe cha kuvaa." Hakuna aliyesoma. Kurasa tatu za Kiingereza, nani ana macho hayo.

Namba saba ni Philipo, mwenzangu wa chumba, mtu wa Babati, mrefu kama nguzo ya simu na mkimya kama nguzo hiyo hiyo. Amesaini kwa sababu nimemwambia asaini. Nimempa fulana ya kwanza.

Ila roho inaniuma hao watano wasiopata. Kwani ungeshona kumi ungepungukiwa nini?

Mjomba wako,
Twaha

*

Dar es Salaam
2 Juni 2025

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Sisi huku tunaendelea. Mama mguu umepungua kidogo, anasema mafuta ya mkaratusi yanasaidia zaidi ya maneno yako. Mimi nina mitihani mpaka katikati ya mwezi, kisha nitabaki na utafiti huu tu. Huu ndio utakaonipa digrii au kuninyima.

Mjomba, nacheka nikisoma barua yako, kisha naogopa. Naomba tuelewane kwa maandishi, maana msimamizi wangu, Dokta Loice, anataka kila tunachokubaliana kiwe kwenye karatasi.

Hao watano wasiovaa sijawanyima kitu. Ndio mizani yetu. Bila wao sitajua kama ni fulana iliyosaidia au ni upepo wa siku ile tu. Usiwaazime hata siku moja.

Saini ya mtu ambaye hakuelewa si ridhaa. Nimetafsiri fomu kwa Kiswahili, nimeziweka humu. Wasomee upya, mmoja mmoja, faragha. Waambie anayetaka kuacha aache wakati wowote bila kutoa sababu, na wewe usimbembeleze.

Na hili ni kubwa kuliko yote: nta ile inapoza kama saa mbili. Ikiisha kuyeyuka yote, fulana ivuliwe. Baada ya hapo haipozi tena, inafunika tu, inazuia jasho kukauka. Tafadhali Mjomba, saa mbili tu.

Usizirembe namba. Zikiwa mbaya, ziache mbaya.

Mpwa wako,
Zuleikha

*

Al Thumama, Doha
9 Julai 2025

Mhandisi wangu,

Marahaba, marahaba mara elfu. Joto limefika sasa, lile lenyewe. Sheria ya huku inawatoa watu juani majira haya tangu saa nne asubuhi hadi saa tisa na nusu, kwa hiyo tunasimama nje asubuhi, tunafichwa, kisha tunarudi alasiri mpaka magharibi. Alasiri ndiyo kazi. Jua limelegea lakini hewa ina maji, unavuta pumzi kama unakunywa uji.

Namba za wiki nne hizi hapa, zimenyooka kama mswaki. Kupima kwenyewe ni tamasha. Kevin, yule Mkenya, kila nikimwelekezea kipimajoto kwenye paji la uso anainua mikono juu: "Buda, usinipige risasi! Niko na watoi nyumbani!" Siku hizi hata wapita njia wanatupiga picha.

Fomu za Kiswahili nimewasomea. Si mmoja mmoja, nani ana nafasi hiyo, nimewasomea wote kwenye chai. Waliitikia vizuri, kama watu wa maulidi.

Hiyo ya kuvua baada ya saa mbili ina ugumu. Mkubwa wetu hapendi mlinzi avue vazi mbele ya wageni. Lakini tunajitahidi. Namba saba alinijia juzi, akasema, "Kaka Twaha, hii kitu ikishapita muda inakuwa blanketi." Nikamjibu mbele ya watu, "Wewe umetoka Babati kwenye baridi, blanketi hulijui? Vaa, usiniaibishe kwa mpwa wangu!" Watu wakacheka, na yeye akacheka. Akaivaa.

Mama yako mwambie nimenunua kilemba cha kijani Al Sadd, nitavaa siku ya joho lako, watu waulize ni shehe gani huyu.

Twaha

*

Dar es Salaam
27 Julai 2025

Mjomba,

Shikamoo. Nimefaulu mitihani yote. Mama alipiga vigelegele mpaka jirani wakaja kuuliza nani kaposwa.

Nimekupigia simu mara tatu kuhusu namba saba. Mara zote umeniambia mambo safi, ukaniulizia mguu wa Mama, ukakata. Kwa hiyo naandika. Anachosema si utani, Mjomba. Ndicho hasa nilichokuonya. Muulize mkiwa wawili tu, bila watu wa kucheka: unataka kuacha? Akisema ndiyo, au hata akikaa kimya, mvue na umtoe kwenye orodha. Utafiti wangu hautakufa kwa kupungukiwa mtu mmoja.

Jambo lingine. Dokta Loice ameziangalia namba akauliza mbona hazina ukorofi. Joto la watu, anasema, huwa linarukaruka. Nikamwambia mjomba wangu ni mtu makini.

Zuleikha

*

Al Thumama, Doha
30 Agosti 2025

Zuleikha mwanangu,

Asalaam aleikum. Natumai wote mko salama, na Dada Hidaya mguu umetulia. Mimi nipo. Hapa ndege zinapita juu ya nyumba kila dakika chache, nimeanza kuzihesabu. Sikuwahi kuzihesabu.

Namba za Agosti hizi hapa. Wote wako kawaida. Namba saba utaona mwenyewe, tangu tarehe saba joto lake limekuwa likipanda, kidogo kidogo, alama moja leo, alama moja kesho. Anaumwaumwa. Tarehe ishirini na nne amepumzishwa.

Sina mengi. Mwili umechoka.

Umuombee.

Twaha

*

Dar es Salaam
21 Septemba 2025

Mjomba wangu,

Shikamoo, na samahani nikianza mbio. Mama mzima, mguu mzima, paka kazaa. Sasa sikiliza.

Unajua ulichoniletea? Fulana yenyewe, nikikuambia ukweli, haikuonyesha tofauti kubwa kati ya waliovaa na wasiovaa. Nilikuwa nimeshakata tamaa. Kisha nikaichora ile mistari ya Agosti. Tisa imelala, mmoja unapanda: namba saba, tangu 36.8 mpaka 38.5, siku kumi na nane, bila kushuka hata mara moja. Ina maana mwili hauanguki ghafla, Mjomba! Unatoa onyo siku kumi na nane kabla. Ukimpima mtu kila jioni, utamjua mgonjwa wa joto kabla yeye mwenyewe hajajijua.

Dokta Loice alisimama kwenye kiti. Mtu mmoja tu hatoshi, akasema, lakini mstari ule ni wa ajabu. Nitauwasilisha chuoni tarehe 14 Oktoba. Na kuna shamba moja la miwa wamesikia, wanataka kuanza kutumia kanuni hii kwa wakataji wao mara tu nikishawasilisha: ambaye joto lake linapanda apumzishwe, ambaye halipandi aendelee bila mapumziko ya ziada. Mimi, mtoto wa Hidaya, nitaokoa watu kwa kipimajoto!

Namba saba anaendeleaje? Amekwenda hospitali? Mpe pole zangu nyingi. Mwambie ugonjwa wake haukupotea bure.

Mpwa wako mwenye furaha,
Zuleikha

*

Al Thumama, Doha
6 Oktoba 2025

Zuleikha,

Nimekupigia simu mara nne tangu nipate barua yako. Nikisikia sauti yako, ulimi unakwenda kuuliza habari za Mama. Karatasi haina sauti, basi acha niiambie karatasi.

Philipo amefariki. Si jana. Alifariki tarehe sita Agosti. Alikuwa kwenye zamu ya alasiri, geti la magari, amevaa fulana yako na sare juu yake. Saa kumi na moja hivi alikaa chini. Nilidhani anafunga kiatu. Nikampigia kelele, "Bwana mkubwa, hapa si Babati, simama!" Hakusimama. Gari la wagonjwa lilikuja upesi, siwezi kuwalaumu. Alishakwenda.

Ule mstari wako wa siku kumi na nane niliuandika mimi. Maiti haipimwi, Zuleikha. Ilikuwa imeshasafirishwa kwao, nami nakaa kitandani nakuandikia alama moja leo, alama moja kesho.

Usiseme mjomba ni mwongo kabla hujamaliza kusoma. Babu yako alipofariki mimi nilikuwa huku, mwaka wangu wa pili. Mama yako hakuniambia. Alituma neno kwanza kwamba baba ana homa. Baadaye, homa imekaza. Baadaye, hatambui watu. Wakati huo tayari walikuwa wamemfanyia arobaini. Siku nilipoambiwa lenyewe nilikuwa nimeshakaa chini, moyo umeshazoea. Watu wetu hawamtupii mtu msiba kama jiwe. Unampandisha ngazi.

Nikakufanyia hivyo hivyo, kwa namba, maana namba ndizo ulizokuwa unasoma. Nikasema akiona linapanda ataanza kuingia hofu, ataniuliza, nitamwambia kidogo, kisha kidogo, mwisho nitamwambia. Nilijua ungeilaumu fulana yako. Nilitaka ufike pale polepole. Sikujua kwamba kwenu huko namba ikipanda watu wanasimama kwenye viti wakishangilia.

Usiende tarehe kumi na nne. Au nenda uwaambie mjomba wako ni mjinga. Na hao wa miwa uwaambie hakuna onyo. Asubuhi yake alikunywa chai ya maziwa, akaniachia sukari yote, akatoka.

Twaha

Leo ni tarehe 17. Barua hii imekaa mfukoni mwangu siku kumi na moja. Mara mbili nimempa Rehema aipeleke kwa mtu anayesafiri, mara mbili nimemfuata kuichukua. Najua tarehe imepita. Leo naituma, sitamfuata.

*

Dar es Salaam
2 Novemba 2025

Mjomba,

Shikamoo.

Barua yako ilinifikia tarehe 24. Niliwasilisha tarehe 14. Walinipigia makofi. Shamba walianza tarehe 16.

Siku ile ile ya tarehe 24 niliipeleka barua yako kwa Dokta Loice. Aliisoma mara mbili, akafunga kompyuta. Mwisho akaniuliza, "Huyu namba saba jina lake nani?" Nikagundua hajawahi kulijua, na sisi ndio tuliopanga asilijue.

Utafiti umefutwa. Kamati ya maadili ya chuo imenihoji mara mbili. Waliniuliza nilimkabidhije kazi ya kupima watu mtu ambaye hakuwahi kufundishwa, na ambaye hao watu hawawezi kumkatalia. Walisema kosa halikuanza Agosti, lilianza siku ya dakika tano zile za kusaini, na kwamba nililijua tangu Juni kwa mwandiko wangu mwenyewe, nikaendelea. Ni kweli. Sitahitimu mwaka huu. Kama nitaruhusiwa kurudi, haitakuwa kwenye utafiti unaogusa miili ya watu.

Shamba tuliwaandikia waache. Meneja amejibu kwamba namba zao zote ni nzuri, hakuna aliyepanda, haoni sababu ya kuacha. Dokta Loice anaandika tena, kwa wakubwa wa meneja huyo. Mimi kila nikiamka nawaza wale wanaoambiwa na karatasi yangu kwamba wako salama.

Mama hajui. Ananiuliza joho litashonwa lini.

Nimepata namba ya simu ya Ann, mke wa Philipo. Aliambiwa ni moyo. Hakuna aliyemwambia kwamba mumewe alikuwa kwenye utafiti. Ana haki ya kujua, na mimi ndiye wa kumwambia, si wewe. Lakini atauliza swali moja, nami siwezi kulijibu: ni fulana yako iliyomuua?

Alikaa ndani ya ile fulana muda gani sijui, na sitegemei unajua. Kitu kimoja tu ndicho kinaweza kunisaidia. Kwenye fomu ya tarehe sita, kabla ya zamu, umeandika 36.7. Kama hiyo ni ya kweli, basi alitoka mzima, na nitaiambia nafsi yangu neno lililobaki, kwamba ni fulana. Kama alikuwa ameshachemka kabla ya kuivaa, basi alikuwa na homa yake, na fulana ilimkuta mgonjwa. Mengine yote uliyoandika nimeyatupa. Nipe hilo moja, Mjomba. La kweli, hata likiwa baya.

Zuleikha

*

Al Thumama, Doha
20 Novemba 2025

Mpwa wangu,

Umeomba moja, nalo sina.

Siku ile sikumpima. Nilikuwa nawasimulia Kevin na wenzake jinsi nilivyomzuia tajiri mmoja getini mpaka akaniita mheshimiwa. Uongo mtupu, lakini walikuwa wanacheka, na mimi wakicheka siwezi kukatiza. Philipo alisimama mbele yangu, kofia mkononi, paji la uso tayari. Alingoja. Nikamwambia, "Nenda bwana, wewe ni thelathini na sita nukta saba kila siku, nakujua." Akavaa kofia, akaenda.

Kama alikuwa anachemka, sikugusa. Kama alikuwa mzima, sikugusa.

Na ukitaka kujua lote, kipimajoto nilikitumia siku tisa za mwanzo, ile ilipokuwa tamasha. Baadaye nilikuwa nawatazama usoni nakadiria. Miaka kumi na moja getini, najua kumsoma mtu, ndivyo nilivyojiambia. Hizo nyingine zote ni nyuso tu.

Kevin anasema niende na mimi nikamwambie Ann. Nimechukua simu mara ngapi sijui. Ukishamwambia, nijulishe, nami nitampigia baada yako, akinitukana nitasikiliza mpaka mwisho.

Kuna jambo moja zaidi, nalo sijui kama litakusaidia au litakumaliza. Wale wa gari la wagonjwa waliikata fulana kwa mkasi ili wamfikie kifua. Kifuko kimoja cha nta kilichomoka, kikaanguka karibu na kiatu changu. Leo nimeelewa, hata mimi wa darasa la saba: kama kilikuwa bado kigumu, fulana ilikuwa inampoza. Kama kilikuwa maji, ilikuwa imemfunika. Jibu la Ann lilikuwa pale chini, mbele yangu, mpaka mfagiaji alipokuja na ufagio wake.

Nilikiangalia tu. Sikuinama.

Twaha